Pesa, Dawa au Watu? Mjadala wa Uzeeni Mjini Wote

Ukimuuliza mtu wa miaka 75 mjini Wote kama ameridhika na maisha, atakwambia anamshukuru Mungu, na hapo utakuwa umepata adabu badala ya jibu. Afadhali umtafutie mtu wa kumpinga. Wazee wa Ukambani hawakosi la kusema wakichokozwa.

Mjadala unaofuata ni wa kupangwa. Wasemaji wake ni wa kubuni, wameketishwa kwenye bustani ya umma ya Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, lakini sheria wanazotaja na tarakimu wanazorushiana ni za kweli. Yupo Mwalimu, mstaafu wa miaka 71 anayepokea pensheni ya serikali. Yupo Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi, mjane wa miaka 74 kutoka upande wa Kathonzweni. Binti ni kitinda mimba wake, ana kazi Nairobi na amekuja nyumbani mwisho wa wiki. Muuguzi anahudumu katika zahanati ya kijijini na leo hana zamu. Kijana wa bodaboda aliyemleta Susu hakualikwa. Alibaki kwa sababu nauli yake ilikuwa haijalipwa.

Hoja yenyewe ilikuwa hii: ili mzee aridhike na maisha yake, kitangulie kipi kati ya pesa, dawa na watu?

Mwalimu alianza na Katiba, kama ilivyotarajiwa. "Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010," alisema, "kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Kifungu cha 260 kinasema mzee ni yule aliyepita miaka 60. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya kama hao zaidi ya milioni 2.7. Sasa niambieni, haki zote hizo mtu atazipataje akiwa mfukoni hana kitu?"

Akaendelea bila kungoja jibu. Tangu 2018, alieleza, mpango wa Inua Jamii wa kuwapa wazee pesa umefunguliwa kwa kila Mkenya aliyefikisha miaka 70 na asiyepokea pensheni, awe maskini au la. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Unga umepanda tangu wakati huo, nauli imepanda, mafuta ya taa yamepanda, na elfu mbili imekaa pale pale. Tena waliotimiza miaka 70 baada ya usajili wa 2017 waliachwa nje wakingoja, hadi usajili mwingine ulipofanywa 2023. "Mtu anazeeka kila siku," Mwalimu alisema, "lakini rejista inafunguliwa serikali ikijisikia."

"Mwalimu, wewe pensheni yako inaingia kila mwezi," Susu alimkatiza. "Usinisemee mimi."

"Nasema kwa niaba ya taifa, mama."

"Taifa halina magoti yanayouma."

Kijana wa bodaboda alicheka peke yake. Muuguzi akaidaka hoja ya magoti kabla haijaanguka chini, maana ilikuwa ya upande wake.

"Mimi nasema dawa kwanza," alisema. "Pesa ya mgonjwa ni pesa ya mazishi. Mzee anakuja zahanati kwa ajili ya kikohozi cha mjukuu. Namwambia, susu, hebu lete mkono na wewe. Napima presha, naikuta iko juu sana, naye hajui. Ikivuka 140 kwa 90, na ikabaki hivyo kila ukipima, hiyo ni presha ya kutibiwa, na yeye yuko shambani anainua jembe. Siku moja upande mmoja wa mwili unalala. Hapo utamuuliza habari ya kuridhika?"

Makueni ina haki ya kujigamba kidogo katika jambo hili, na Muuguzi alijigamba. Wakati kaunti nyingi zilikuwa bado zinagombania majengo, serikali ya Gavana Kivutha Kibwana ilizindua MakueniCare mnamo Oktoba 2016. Familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za umma za kaunti. Waliotimiza miaka 65 hawakulipa kitu. Wageni walikuja kutoka mbali kujifunza ilivyowezekana kaunti kame, yenye watu chini ya milioni moja, kufanya jambo ambalo taifa zima lilikuwa linalijadili tu.

"Hiyo ilikuwa ya kaunti," Mwalimu alisema. "Sasa tuna SHA."

Hapa sauti zilipanda. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wa nyumba yake kisha huambiwa alipe kiasi fulani, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na kwa kawaida hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Mwalimu alichukua kijiti akaandika hesabu kwenye vumbi: 300 mara 12 ni 3,600. Elfu mbili mara 12 ni 24,000. Kwa mzee ambaye pato lake ni Inua Jamii peke yake, kiwango cha chini kabisa ni asilimia 15 ya pato hilo.

"Zahanati na kituo cha afya ni bure," Muuguzi alikumbusha. "Gharama za matibabu huko zinalipwa na serikali kutoka kwa kodi. Bima inatakiwa ukienda hospitali kubwa."

"Bure!" Binti alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Dawa za mama za presha mara nyingine hakuna. Anaandikiwa akanunue kemisti. Anayenunua ni nani? Ni mimi, kwa M-Pesa."

"Basi Muuguzi ananisaidia mimi," Mwalimu alisema kwa furaha isiyofichika. "Dawa ni pesa."

Mjadala ungeweza kuishia hapo, Mwalimu akatangazwa mshindi, kama si utafiti mmoja unaowasumbua wote watatu. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha kazi ya Andrew Steptoe, Angus Deaton na Arthur Stone, waliochambua majibu ya watu wa nchi zaidi ya 160 kuhusu wanavyoyaona maisha yao. Katika nchi tajiri zinazotumia Kiingereza, kuridhika hushuka hadi mtu anapofika miaka ya hamsini hivi, kisha hupanda tena uzeeni. Urusi na nchi nyingine zilizokuwa za Kisovieti kuridhika hushuka na hakuinuki. Afrika kusini mwa Sahara mstari huo wa kuridhika uko chini na unakaribia kunyooka: kijana na mzee hutoa majibu yanayofanana. Uzee huku haumshushi mtu sana wala haumpandishi. Deaton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka huo huo, si mtu wa kudharau pesa. Hata hivyo mstari ule ulionyooka unaudhi. Kama umaskini na maradhi huongezeka na umri, mbona kuridhika hakuporomoki? Lazima kuna kitu kinachoshikilia paa.

Binti alidhani anakijua. "Ni sisi watoto," alisema. "Lakini tunachoka. Nimemwambia mama aje Nairobi. Hataki. Nimemwambia nimtafutie msichana wa kumsaidia kazi. Amewafukuza wawili. Nikitaja nyumba ya wazee, ndugu zangu wananiangalia kama nimemtukana."

Nyumba za wazee zipo Kenya, ingawa ni chache. Masista wa Little Sisters of the Poor wana Nyumba ya Wazee Kasarani, Nairobi, na kanisa la PCEA lina makao ya wazee Thogoto, Kikuyu. Wanaoishi humo wengi wao hawana mtu. Binti alisema hivyo kwa sauti ya chini, labda akitumaini mama yake hasikii vizuri.

Mama yake alisikia. "Mwanangu, mimi nina watu."

"Watu gani, mama? Unalala peke yako na wajukuu wawili."

Susu hakujibu mara moja. Alifungua fundo la leso, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu lililochakaa pembeni. Ndani, kurasa zilikuwa zimechorwa mistari kwa rula. Kushoto majina kumi na manane ya wanawake, juu tarehe za mikutano, na kwenye kila kisanduku kiasi kilichotolewa: 200, 200, 200. Yeye ndiye mweka hazina. Kikundi chao kilianza kama mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa kufanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walipokuwa wasichana walichimba nao fanya juu: unachimba mtaro kufuata mkingamo wa mlima, udongo unaurusha upande wa juu, na mvua za miaka kadhaa zinasawazisha shamba ngazi kwa ngazi.

"Hayo matuta mnayoyaona mkipita na matatu," Susu alisema, "mnadhani Mungu aliumba hivyo?"

Hakutia chumvi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichofuatilia Machakos, ambayo zamani ilijumuisha Makueni, tangu 1930 hadi 1990. Mwanzoni wakoloni waliitaja kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Miaka sitini baadaye watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa na ardhi ilikuwa na hali nzuri kuliko mwanzoni. Jasho kubwa la kazi hiyo lilikuwa la vikundi vya wanawake. Waliokuwa vijana miaka ya sabini ndio wenye miaka sabini na kitu sasa. Wao hawachimbi tena. Kikundi kimekuwa cha mzunguko wa pesa, cha kuchangia msiba, cha kununua kuku na sufuria, na cha kumwendea mwenzao aliyekosa kuonekana kanisani Jumapili mbili.

"Sasa angalia hapa," Susu alisema, akamsogezea Binti daftari. Mbele ya jina lake mwenyewe visanduku vitatu vilikuwa na mstari wa kalamu nyekundu.

"Hukuniambia, mama."

"Pesa za wazee zilichelewa. Zikija, zinakuja za miezi miwili, mitatu, kwa mpigo. Lakini kikundi hakikutani kwa mpigo." Aligeukia wengine. "Ukikosa mchango hakuna anayekufukuza. Wanakwambia uketi, unywe chai. Unajifukuza mwenyewe. Mimi sijazoea kuhurumiwa, nimezoea kuhesabiwa."

Muuguzi alikumbuka jambo. Baadhi ya wagonjwa wake wa presha, alisema, huacha kuja kliniki katika miezi hiyo hiyo. Yeye alidhani ni nauli. Susu alimwambia si nauli peke yake: kliniki wanakwenda pamoja baada ya mkutano, na asiyefika mkutanoni hafiki kliniki.

Katika yote yaliyosemwa, hapa ndipo hoja ya nguvu zaidi ilipo, na ni ajabu kwamba ilitoka kwenye daftari la shilingi mia mbili mia mbili. Mwalimu anaona pesa kama kitu cha kumnunulia mzee unga na dawa. Susu anaiona kama kitu cha kutoa. Mkono mtupu haulambwi, ndiyo, lakini mkono mtupu pia hauchangi, na asiyechanga huanza kujiona mgeni miongoni mwa watu aliochimba nao matuta. Kwa hiyo pesa na watu havishindani hata kidogo. Elfu mbili ikifika kwa wakati humnunulia mzee nafasi yake kikundini. Ikichelewa, hata ikija yote, nafasi ilikuwa wazi kwa miezi mitatu.

"Susu amekushinda, Mwalimu," kijana wa bodaboda alisema.

"Wewe umelipwa?"

"Bado. Lakini niseme langu." Akasema kwa haraka, kama anayejua hatapewa nafasi ya pili. Wazee wanalia kwamba hawaheshimiwi, na hati za mashamba wamezifungia sandukuni. Kijana ana miaka thelathini, ana pikipiki ya mkopo, hana hata robo ekari ya kujengea. "Mzee akigawa shamba, anahesabiwa baba. Asipogawa, tunamngoja."

Kauli hiyo ilileta baridi. Mwalimu alimwonya kwamba kungoja huko kumefika pabaya kwingine. Kaunti ya Kilifi imezika wazee wengi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi kulikuwa na shamba. Kule Kaya Godoma, Ganze, kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliotoroka watoto wao wenyewe. Hati ya shamba, kwa mzee asiye na pensheni, ndiyo bima yake ya mwisho. Akiitoa akiwa hai, anategemea wema wa mkaza mwana. Kijana alisema anaelewa. Hakusema amekubali, na sioni sababu ya kumlaumu.

Lakini kijana alikuwa amegusa mahali pengine bila kujua, maana Mwalimu alinyamaza kwa muda kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye hoja zake.

"Pensheni yangu huingia, ni kweli. Natoka benki, nanunua gazeti, kisha sina pa kwenda. Nyinyi wanawake mna vikundi. Sisi tulikuwa na thome."

Thome ilikuwa uwanja wa wanaume nje ya boma, penye moto wa jioni. Hapo kesi ziliamuliwa, vijana walifundishwa, na mzee alikuwa na kigogo chake cha kukalia kinachojulikana. Shule ilichukua vijana, chifu akachukua kesi, Nairobi na Mombasa zikachukua wanaume wenyewe. Waliporudi wamestaafu hawakukuta moto. Walichokuta ni baa na benchi la mbele ya duka. Kwa hiyo yupo mzee mwenye pesa ya uhakika asiye na watu, kama alivyo mzee mwenye watu asiye na pesa ya uhakika, na takwimu za umaskini zitamhesabu wa pili tu.

Muuguzi alikuwa na mfano wa kumpa. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, aliyeona wagonjwa ni wengi na madaktari wa akili nchini mwake wanahesabika kwa vidole, aliwafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, kuketi na watu wenye sonona kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Jaribio lililochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2016 lilionyesha kwamba walioketi kwenye benchi hizo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hizo zimefika mpaka Zanzibar.

Makueni nayo ina kisa chake. Profesa David Ndetei na taasisi yake ya utafiti wa afya ya akili walifanya kazi katika kaunti hii wakiwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wachungaji na waganga wa kienyeji kumtambua mtu mwenye sonona kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kisha kumpeleka kwa wauguzi. Wengi walishangaa kusikia mganga na muuguzi wameketi meza moja. Wazee hawakushangaa, wao huwaendea wote wawili tangu zamani.

"Kwa hiyo unataka nikakae kwenye benchi niulizwe habari za moyo?" Mwalimu aliuliza.

"Nataka ukae upande wa pili, Mwalimu. Wewe ndiye uulize."

Mwalimu hakujibu, lakini alionekana kulipima.

Mshindi, basi? Mwandishi anampa Susu, ingawa si kwa sababu watu ni bora kuliko pesa; Mwalimu ana pesa na angezitoa nusu apate mkutano wa kuendea. Anampa kwa sababu yeye peke yake alionyesha vitu vitatu vilivyobishaniwa vinavyofungamana: pesa ya mwezi humweka kikundini, kikundi humfikisha kliniki, kliniki humrudisha kikundini. Na aliyeonyesha hivyo alionyesha pia mahali kamba inapokatikia, yaani kwenye tarehe.

Zanzibar waliipa pesa ya wazee uzito mapema. Pensheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi, Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi bila kupima umaskini wa mtu, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Kenya inaweza kubishana mpaka kesho kama elfu mbili ziwe tatu au tano, na inafaa ibishane. Kupanga tarehe hakuhitaji ubishi huo. Watumishi wa umma wanajua mshahara wao unaingia lini. Wazee wa Inua Jamii nao watangaziwe siku moja ya mwezi, na siku hiyo isivukwe. Kaunti nayo, iliyowahi kuwatibu wazee bure kabla ya wengine, haitashindwa kuwatafutia wazee wa kiume ukumbi wa kukutania wenye kazi ya kufanya ndani yake.

Na wewe unayetuma M-Pesa kwenu Kathonzweni, Mbooni au Mwingi, usiulize tu kama dawa zimeisha. Uliza kikundi cha mama kinakutana siku gani, halafu utume siku moja kabla.